Kasisi Aliyewataja Farasi Mimbarini

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba 1772, katika kijiji cha Shiplake kando ya mto Thames huko Uingereza, kasisi James Granger alipanda mimbarani na kuhubiri kutoka Mithali 12:10, pale mtu mwenye haki anapotambulika kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Granger hakuwa mgeni kwa watu wake. Walimjua kuwa msomi mpole, mpenda vitabu na mkusanyaji wa picha za watu mashuhuri. Siku hiyo alizungumzia ukatili kwa wanyama, akataja farasi na mbwa, akauita ukatili huo dhambi.

Waumini walichukizwa. Waliona kwamba kutaja farasi na mbwa mahali palipotengwa kwa Neno la Mungu ni kuivunjia mimbari heshima, na wengine walidhani kasisi wao ameanza kurukwa na akili. Tunajua hayo kwa sababu Granger mwenyewe aliyaandika mwishoni mwa mahubiri yake alipoyachapisha mwaka uleule. Hakuomba radhi. Badala yake kijitabu hicho alikiweka wakfu kwa mwendesha mkokoteni mmoja, ambaye alimtaja kwa herufi mbili tu za jina lake. Kwa kawaida vitabu vya siku zile viliwekwa wakfu kwa mabwana wakubwa, ambao mwandishi alitarajia fadhila kutoka kwao.

Nimeanza na Granger kwa sababu mguno ule wa Shiplake haujaisha. Mhubiri akisimama leo katika kanisa lolote la kwetu na kutangaza kwamba mahubiri ni juu ya punda, watu watatazamana. Wako wagonjwa wa kuombewa, ada za shule, vijana wasio na kazi, ndoa zinazovunjika. Punda anatafuta nini madhabahuni? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwonea huruma punda. Lakini historia ya kanisa inalo jibu, na linatuhusu kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa baadhi ya watu waliolitoa ndio hao hao waliotikisa biashara ya watumwa na kufungua njia ya misioni iliyofika Unguja.

Kwanza tuione Uingereza ya wakati ule. Ilikuwa nchi ya Kikristo kwa sheria na kwa desturi. Kengele zililia kila Jumapili na sikukuu zilifuata kalenda ya kanisa. Ndani ya kalenda hiyohiyo, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, watu walimfunga jogoo kwenye kigingi wakamtupia marungu hadi afe. Huo ulikuwa mchezo wa siku, na watoto walishiriki. Katika miji mingi fahali alifungwa kamba fupi kwenye nguzo uwanjani, mbwa wakaachiliwa wamng'ate pua na midomo huku watu wakishangilia na kuwekeana dau. Palikuwa na imani ya zamani kwamba nyama ya fahali aliyeng'atwa na mbwa kabla ya kuchinjwa huwa laini zaidi. Mjini Stamford fahali alikimbizwa barabarani kila mwaka tarehe 13 Novemba, na mji mzima ulifunga kazi ili kutazama. Barabara za London zilijaa farasi waliovutishwa mizigo mpaka wakaanguka, na baadhi hawakuinuka tena. Wala hapakuwa na sheria ya kumlinda mnyama kwa ajili yake mwenyewe. Ukimjeruhi farasi wa mwenzio, ulishitakiwa kwa kuharibu mali ya mtu. Ukimjeruhi wa kwako, hapakuwa na kesi.

Miaka minne baada ya mahubiri ya Shiplake, yaani mwaka 1776, kasisi mwingine, Daktari wa Theolojia Humphry Primatt, alitoa kitabu kizima kuhusu wajibu wa kuwahurumia wanyama na dhambi ya kuwatendea ukatili. (Granger alifariki mwaka huohuo, baada ya kuanguka akiwa anahudumia Meza ya Bwana.) Kitabu cha Primatt hakikuvuma sana kilipotoka, lakini hoja zake ndizo zilizojenga kila kilichofuata, kwa hiyo tukae nazo kidogo.

Primatt alianza na maumivu. Maumivu ni maumivu, alisema, yawe ya mtu au ya mnyama, na anayeyapata huteseka maadamu yanadumu. Kisha akauliza ni tofauti gani inayompa mmoja haki ya kumtesa mwingine. Je, ni nguvu? Basi mwenye mwili mkubwa angekuwa na haki juu ya mwembamba. Je, ni rangi? Hapo akaandika jambo ambalo mwaka 1776, wakati meli za Kiingereza zilikuwa zikivusha maelfu ya Waafrika baharini, halikuwa rahisi kuandikwa na kasisi wa Kanisa la Uingereza: mtu mweupe hana haki yoyote, kwa sababu ya rangi yake, ya kumfanya mtu mweusi mtumwa na kumtawala kwa mabavu. Mungu ndiye aliyegawa rangi, umbo na akili, na mgawo huo si ruhusa ya kuumiza. Kutoka hapo ndipo akashuka hadi kwa mnyama.

Msomaji Mwafrika anaweza kukwazika kidogo hapo, na ninaelewa. Tumechoka kuwekwa karibu na wanyama katika maandishi ya watu wengine. Lakini tazama hoja inavyokwenda. Primatt hakumshusha mtu mweusi hadi kwa farasi. Alichukua kisingizio kimoja, kile cha mwenye nguvu kusema kwamba tofauti kati yetu inanipa ruhusa, akakikatalia kila mahali kilipotumika.

Hoja yake nyingine inanishangaza hadi leo. Wengi hudhani kwamba mnyama, kwa kuwa hana uzima wa milele, anastahili uangalifu mdogo. Primatt aliigeuza. Mtu aliyeonewa hapa duniani, alisema, anaweza kutazamia Mungu kumfuta machozi huko mbele. Kama mnyama hana huko mbele, basi maisha haya mafupi ndiyo yote aliyopewa, na anayemharibia amemfanyia kosa lisilolipika.

John Wesley hakukubaliana na nusu ya pili ya hoja hiyo, ingawa hakumtaja Primatt. Mwaka 1781 alichapisha mahubiri juu ya Warumi 8, ile sehemu ambapo viumbe vyote vinaugua vikingojea kuwekwa huru. Wesley aliisoma kama ilivyoandikwa: viumbe vyote, pamoja na wanyama, wataonja ukombozi katika uumbaji mpya, na Mungu atawafidia mateso waliyoyapata kwa sababu ya dhambi ambayo si yao. Mzee huyu aliijua habari ya farasi, maana alitembea juu ya mgongo wa farasi miaka mingi, akihubiri mji hadi mji. Aliwaagiza wahubiri wake wasiwakimbize farasi kupita kiasi, na kila mmoja ahakikishe kwa macho yake mwenyewe kwamba farasi wake amesuguliwa, amelishwa na kutandikiwa pa kulala. Hakuridhika na kumwachia kijana wa zizi. Mhubiri aende mwenyewe akaone. Naona agizo hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za theolojia, na lingeweza kuandikwa leo kwa mwinjilisti mwenye pikipiki, isipokuwa pikipiki haiumii.

Kutoka mimbarini jambo likaingia bungeni, na huko lilipigwa mara nyingi. Mwaka 1800 muswada wa kukomesha mchezo wa fahali na mbwa ulishindwa kwa tofauti ya kura mbili tu. Mwaka 1802 ukashindwa tena. Mwaka 1809 Lord Erskine alipeleka muswada mpana zaidi. Ukapita katika Baraza la Mabwana, ukafia katika Baraza la Makabwela. Miongoni mwa waliounga mkono ile ya mwanzo alikuwa William Wilberforce, ambaye wakati huohuo alikuwa katikati ya vita vyake virefu dhidi ya biashara ya watumwa, vita ambavyo sheria yake ilipita mwaka 1807. Hakuona kwamba moja ingoje mpaka nyingine iishe.

Upinzani haukuwa wa kipumbavu. Mbunge William Windham alisema: mnataka kumnyang'anya maskini burudani yake ya fahali, huku tajiri akiendelea kuwinda mbweha na kulungu kwa mbwa hamsini. Jibu zuri halikupatikana, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Sheria ilipokuja, ilimgusa mwendesha mkokoteni kabla ya kumgusa bwana mwindaji, na baadhi ya watetezi wa wanyama walikuwa wawindaji hodari wao wenyewe. Nitarudi kwenye doa hili, maana lilisafiri hadi kwetu.

Aliyefaulu alikuwa Richard Martin, mbunge kutoka Galway huko Ireland, mtu wa hasira za karibu aliyejulikana kwa kupigana kwa bastola. Tarehe 22 Julai 1822 sheria yake ikakubaliwa. Iliwalinda farasi, punda, nyumbu, ng'ombe na kondoo dhidi ya kupigwa na kuteswa bila sababu. Faini ilianzia shilingi kumi hadi pauni tano, na asiyelipa alikwenda jela. Fahali hakutajwa, na mchezo wake uliendelea hadi 1835, pale mbunge Joseph Pease, Mkristo wa Jamii ya Marafiki, alipofanikisha sheria iliyoufuta pamoja na mapigano ya majogoo na ya mbwa. Stamford walishikilia fahali wao mpaka 1839.

Sheria peke yake ni karatasi. Nani atakwenda sokoni alfajiri kumtazama mchungaji wa mifugo anapowachoma ng'ombe kwa fimbo yenye msumari? Hapo ndipo anapoingia Arthur Broome, kasisi wa Bromley-by-Bow, mashariki mwa London, ambaye nadhani ndiye mtu anayestahili kukumbukwa kuliko wote katika habari hii. Mwaka 1822 alikitoa upya kitabu cha Primatt, kilichokuwa kimesahaulika. Aliajiri watu kwa fedha zake mwenyewe wakaangalie yaliyokuwa yakitendeka katika soko la mifugo la Smithfield. Tarehe 16 Juni 1824 aliita mkutano katika mkahawa mmoja wa London ulioitwa Old Slaughter's, jina ambalo kwa mkutano wa kuwatetea wanyama ni kama mzaha, kwa kuwa neno hilo la pili kwa Kiingereza ni kuchinja. Wilberforce alikuwepo, Martin alikuwepo, na mwenyekiti alikuwa Thomas Fowell Buxton. Pale ilizaliwa jumuiya ya kwanza ya kitaifa ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na katika mwaka huo wa kwanza ikawafikisha watu 63 mahakamani.

Broome aliacha usharika wake, na mshahara wake, ili awe katibu wa jumuiya bila malipo. Kufikia 1826 jumuiya ilikuwa na madeni ya karibu pauni 300. Kwa kuwa katibu ndiye aliyewajibika, kasisi alifungwa katika gereza la wadaiwa. Waliomtoa kwa kuchangisha fedha ni Martin na Lewis Gompertz. Baadaye Broome alijiondoa kwenye kazi hiyo na kufariki mwaka 1837, maskini. Miaka mitatu baada ya kifo chake Malkia Victoria aliiruhusu jumuiya ijiite ya Kifalme, na watu wenye vyeo wakajipanga kuwa wanachama.

Gompertz, aliyemsaidia kasisi kutoka gerezani, alikuwa Myahudi. Alikuwa mtu wa msimamo mkali kuliko wenzake wote: hakula nyama, na alikataa kupanda gari la kuvutwa na farasi. Alishika ukatibu baada ya Broome na kuiokoa jumuiya isife. Mwaka 1832 jumuiya ikaazimia kwamba kazi zake zimejengwa juu ya imani ya Kikristo na kanuni za Kikristo pekee. Gompertz aliondoka, akaanzisha jumuiya nyingine. Wako wanaosimulia habari hii kwa kuiruka sehemu hiyo, na mimi naona si haki. Kanisa lilijifunza kumwona punda aliyeanguka chini ya mzigo, ambaye sheria ya Musa katika Kutoka 23:5 inaagiza asaidiwe hata akiwa ni wa adui, kisha likamfukuza mwana wa watu waliotupa sheria hiyo.

Ujerumani jambo lilipita njia ya mimbari moja kwa moja. Huko Württemberg, Mchungaji wa Kilutheri Christian Adam Dann alitoa mwaka 1822 kijitabu kilichowapa wanyama maskini sauti ya kuwaomba wanadamu, baada ya korongo mmoja kupigwa risasi. Dann alifariki Machi 1837, na mwaka huohuo rafiki yake, Mchungaji Albert Knapp, mtunzi wa nyimbo za kanisa, alianzisha mjini Stuttgart jumuiya ya kwanza ya Ujerumani ya kuwalinda wanyama. Kwa Wakatoliki, Papa Pius V alikuwa ametangulia mno: mwaka 1567 alipiga marufuku michezo ya fahali kwa adhabu ya kutengwa na kanisa, ingawa mwandamizi wake aliilegeza amri hiyo chini ya miaka kumi baadaye, kwa kuwa Hispania haikutaka kusikia.

Sasa turudi kwa mwenyekiti wa mkutano ule wa mkahawani. Buxton ndiye aliyechukua uongozi wa vita vya utumwa bungeni baada ya Wilberforce kuchoka, na mwaka 1833 sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza ilipita. Kisha akaandika kwamba biashara ya watumwa barani Afrika haitakoma kwa manowari tu, mpaka Injili, kilimo na biashara halali vifike bara. Juni 1840 mkutano mkubwa wa kuunga mkono mpango wake ulifanyika katika ukumbi wa Exeter Hall jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo kijana wa Kiskoti, David Livingstone. Mwaka 1857 Livingstone alizungumza na wanafunzi wa Cambridge, na kutoka hotuba hiyo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864 na baadaye kujenga kanisa kuu la Mkunazini mahali lilipokuwa soko la watumwa. Si kila Mwanglikana wa Unguja au Korogwe ajuaye kwamba mmoja wa mababu wa misheni yake aliwahi kukaa kwenye kiti cha mkutano wa kuwatetea farasi na punda.

Nasema hivyo kwa sababu ya lile swali la kanisani: watu kwanza. Waliokuwa wa kwanza kuwaona watu ndio walioona na wanyama. Kina Windham, waliocheka muswada wa fahali, si watu waliokuwa wakitumia muda waliouokoa kwa ajili ya watumwa.

Lakini kuna sababu nyingine kwa nini jambo hili linasikika vibaya masikioni mwetu, na hiyo haitokani na ukosefu wa huruma. Neno "wanyama" likitamkwa na mgeni, sisi tumezoea kusikia "ondokeni". Mwaka 1896 gavana Mjerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sheria za namna hiyo, za Wajerumani na Waingereza, zilimfanya Mwafrika anayetafuta kitoweo kuwa mhalifu, huku Mzungu mwenye leseni akipiga picha mguu wake ukiwa juu ya simba aliyekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti. Doa la Windham ndilo hilo, likiwa limevuka bahari. Kwa hiyo mtu wa kijijini akishuku kwamba kuhubiri juu ya wanyama ni kumwandaa ahame, ana historia upande wake.

Basi ni lazima tutenganishe mambo mawili. Uhifadhi unauliza tembo wangapi wamebaki. Ustawi unauliza ng'ombe huyu mmoja, aliye mkononi mwangu, anateseka bure au la. Granger, Primatt na Broome walikuwa wakiuliza la pili, na ndilo Maandiko yanaloliuliza. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mnyama wa kufuga miongoni mwa wanaopumzika. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kutaja wanyama wengi wa Ninawi kama sababu mojawapo ya kuuhurumia mji. Wapo watakaotoa 1 Wakorintho 9:9, ambapo Paulo anauliza kama Mungu anajali ng'ombe. Ni fungu gumu, tusilikwepe. Ila Paulo pale anatetea posho ya watumishi wa Injili, na anatoka kwenye dogo kwenda kubwa: kama hata ng'ombe hakatazwi kula akiwa kazini, je, mtumishi? Ukimwondolea ng'ombe haki yake, hoja ya Paulo inaanguka, na posho ya mwinjilisti inaanguka nayo.

Kwetu methali inasema punda afe, mzigo ufike. Nimeisikia zaidi kwenye kamati za ujenzi wa kanisa kuliko mahali pengine popote, ikitiwa chumvi ya kicheko, na hakuna anayemfikiria punda. Katika Hesabu 22 kuna punda aliyeona kilichomshinda nabii kuona. Alipigwa mara tatu, na malaika wa Bwana alianza kwa kumhoji Balaamu juu ya vipigo hivyo kabla ya habari nyingine yoyote.

Na punda wa Afrika Mashariki waliingia hatarini kweli. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa kutengenezea dawa iitwayo ejiao inayouzwa China. Machinjio manne yalipata leseni. Akina mama waliotegemea punda kuchota maji na kupeleka mazao sokoni waliamka na kukuta mazizi matupu, kwa kuwa ngozi ina bei hata ya kuibiwa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania ilizuia uchinjaji huo mwishoni mwa 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuusimamisha bara zima kwa miaka 15. Sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wafugaji na mashirika yanayowahudumia punda. Hapo ustawi wa mnyama na ustawi wa mjane mwenye debe la maji vilikuwa kitu kimoja, bila kuhitaji mahubiri marefu, na lilikuwa jambo ambalo mimbari zetu zingeweza kulisemea kwa sauti kubwa zaidi.

Sheria tunazo. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Kenya inayo Sura ya 360 ya sheria zake, inayokataza ukatili kwa wanyama. Ila ni kama sheria ya Martin ya mwaka 1822: inangoja mtu wa kwenda sokoni. Ng'ombe wanaoletwa kwenye mnada wa Pugu kutoka mikoa ya mbali husafiri wamesimama kwenye malori, na anayelala hukanyagwa. Kuku huning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki, ishirini kwa safari. Waendesha malori hao na wenye pikipiki hao wana makanisa. Ni washarika wetu, na baadhi yao wanaimba kwaya.

Kuna mahali pamoja ambapo hatuhitaji serikali wala shirika. Siku ya mavuno, katika makanisa yetu mengi, waumini huleta mbele ya madhabahu walivyobarikiwa: mahindi, ndizi, mbuzi, kuku, bata. Kuku hulazwa sakafuni wamefungwa miguu tangu ibada inapoanza. Inakuja risala, zinakuja kwaya tatu, mahubiri, matoleo, matangazo, halafu mnada wa nje kwenye jua, ambapo kuku mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mara nne ili kuongeza sadaka, akipokezwa kwa miguu kutoka mkono hadi mkono. Watoto wa shule ya Jumapili wanatazama. Tenga chache, bakuli la maji, kamba iliyolegea na kivuli cha mti havina gharama ya kuitia hofu hazina ya usharika. Kwenye kikao cha maandalizi ajenda hiyo ingechukua dakika kumi, kati ya turubai na viti.